Mheshimiwa Shimo

Katika nchi inayotoa vyeti vya shukrani hata kwa kamati za maandalizi ya vikao, kuna mtumishi mmoja wa umma ambaye hajawahi kukumbukwa. Hasinzii kazini, hachukui likizo, hadai posho ya safari, na jina lake halijawahi kutajwa kwenye orodha ya watumishi hewa. Ni shimo la barabarani. Wengi hulitaja kwa matusi, hasa asubuhi, lakini mtu akilitazama kwa haki atakubali kwamba hakuna ofisi ya serikali za mitaa Tanzania iliyolifikia kwa uaminifu wala kwa umri.

Umri wenyewe ni wa kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, sera ya Madaraka Mikoani ilipofuta halmashauri za wilaya na mabaraza ya miji, kazi zake zilikwenda kwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani, na hao walikuwa na vijiji na mashamba ya kuhangaikia. Mitaro ya mijini ikasubiri. Mabaraza ya miji yaliporudi mwaka 1978, na halmashauri za wilaya mwaka 1984 kufuatia sheria za 1982, yalilikuta shimo liko kazini. Mwaka 1996 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kushindwa kutoa huduma, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Hapo shimo liliingiwa na hofu kidogo, maana Tume ilikuwa na tabia mbaya ya kufanya kazi. Lakini mwaka 2000 Tume ikaondoka, zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Mwaka huohuo wa 2000 TANROADS ikaanza kazi na kuchukua barabara kuu na za mikoa. Mwaka 2017 ikaja TARURA kuchukua zilizobaki. Februari 2021 Jiji la Dar es Salaam likavunjwa kwa mara nyingine na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji.

Katika safari yote hiyo wamebadilika mameya, wakurugenzi, mihuri na maandishi kwenye milango ya magari ya ofisi. Shimo halikubadilisha hata anwani.

Sifa yake ya pili ni elimu. Raia wengi hawajui wapi madaraka ya Wizara ya Ujenzi yanaishia na wapi ya TAMISEMI yanaanzia, na hakuna kibao kinachowaambia. Shimo linawaambia. Abiria anayeshuka daladala Kimara, kwenye Barabara ya Morogoro, na kupanda bajaji kuingia mtaani, anavuka mpaka wa taasisi mbili bila kuonyesha kitambulisho. Nyuma yake kuna lami pana, taa na mistari iliyochorwa. Mbele yake, hatua chache tu, lami inamegekamegeka na kuwa vumbi, na bajaji inaanza kutafuta njia kati ya mawe, ikibinuka kushoto, ikisita, ikibinuka kulia, huku dereva akiwa ametoa kichwa nje kupima kina cha maji kwa macho. Ndani ya shimo kubwa kuliko yote pamechomekwa tawi la mwembe lenye majani mabichi bado, ili wa usiku wajue. Tawi hilo ndiyo alama pekee ya usalama barabarani kwenye njia nzima, na halikuwekwa na taasisi yoyote kati ya zile mbili.

Wahandisi nao wana sababu ya kuliheshimu. Lami haifi kwa kukanyagwa tu. Hupata ufa mwembamba, maji yakapenya hadi kwenye tabaka la kokoto na changarawe, tabaka likalainika, na kila gurudumu linalopita likayakamua maji hayo yakatoka na chembe za udongo, mpaka juu pakabaki ganda. Gari moja zaidi, ganda likaporomoka. Ndiyo maana mtu anayeijua barabara, akiitwa kuangalia shimo, hutazama kwanza mtaro.

Na kwenye mtaro ndipo serikali huparaganyika. Mtaro wa barabara ni wa mwenye barabara. Taka zilizouziba ni za halmashauri. Bomba linalovuja pembeni yake ni la mamlaka ya maji, ambayo ikija kulitengeneza itakata lami, itafukia kwa mchanga na kwenda zake. Kibanda kilichojengwa juu yake kimo ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo kina alama nyekundu ya X kutoka kwa mmoja na risiti ya ushuru kutoka kwa mwingine. Kila mageuzi ya serikali za mitaa yamekuja na chati mpya inayotenganisha kazi hizi vizuri zaidi. Maji ya mvua hayajaisoma chati hata moja. Yanatoka kwenye paa, yanapita kwenye taka, yanakwama kwenye kibanda na kuingia barabarani, na shimo linabaki kuwa kikao pekee ambacho wadau wote wamehudhuria.

Uzito nao una lake. Jaribio kubwa lililofanywa na Wamarekani mjini Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Kwa hesabu hiyo, ekseli moja ya tani 10 haiumizi barabara sawa na ekseli kumi za tani moja moja; inaiumiza kama 10,000 hivi. Kwenye barabara kuu kuna mizani, na dereva wa lori anayepita Vigwaza anajua cha kutarajia. Mtaani hakuna mizani. Tipa lililojaa mchanga hadi linamwagika linaingia kwenye njia iliyojengwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kazini kwa bodaboda, na kwa kuwa tipa hilo limeleta mchanga wa kujengea nyumba ya mkazi yuleyule anayelalamikia barabara, kila mtu ananyamaza.

Mwaka 2017 shimo lilipata mtihani wake mkubwa kuliko yote. Kabla ya hapo kila halmashauri ilikuwa na idara yake ya ujenzi, ikipokea mgao kutoka Mfuko wa Barabara na kupanga kazi kwenye baraza la madiwani. Utaratibu huo ulikuwa rafiki wa damu wa shimo. Kila diwani alitaka greda lipite kwenye kata yake kabla ya uchaguzi, kwa hiyo fedha ziligawanywa kwa haki ya kindugu, kila kata ikachongewa kipande, na mvua ya kwanza ikavikusanya vipande vyote. Wahandisi walikuwa wachache na wametawanyika. Wengine walijikuta wakisimamia madarasa na vyoo vya shule wiki ileile waliyotakiwa kuwa kwenye kalavati. Hoja ya kuunda wakala mmoja ilikuwa na mashiko: wakusanywe wahandisi, zikusanywe fedha, barabara zipangwe kwa hali yake na si kwa sauti ya diwani wake. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ukaanzishwa kwa tangazo la serikali la Mei 2017, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akauzindua Julai mwaka huo.

Wakala ulirithi mtandao wa zaidi ya kilomita 108,000. Barabara nyingine zilipohakikiwa na kutangazwa, mtandao ukapita kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni udongo na changarawe. TANROADS ina zaidi ya kilomita 36,000. Sasa fedha: kwa miaka mingi mgawanyo uliozoeleka wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa hizi nyingine. Barabara kuu zina utetezi wake, maana ndizo zinazobeba mizigo ya Zambia, Rwanda na Kongo, na lami nene ni ghali. Hata hivyo mtu hahitaji kuwa mhasibu kuona kwamba kilichohamishwa mwaka 2017 kutoka halmashauri kilikuwa kwanza lawama, kisha mitambo michache, kisha watumishi. Fedha zilikuja kwa mwendo wa polepole. Wabunge walipiga kelele Bunge hadi Bunge, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Tangu hapo dereva wa bodaboda anayejaza lita mbili kituoni anaondoka akiwa mfadhili rasmi wa shimo atakalokutana nalo mbele.

Lakini mageuzi hayohayo yalilipa shimo zawadi ambayo halikuitegemea: faragha. Zamani mkazi alimnasa diwani wake msikitini, kanisani au kwenye msiba, akamweleza habari za barabara mbele za watu. Diwani akaenda kumbana mhandisi wa halmashauri kwenye baraza, ambako mhandisi alijua kwamba bajeti yake inapita mikononi mwa waliomzunguka. Hawakuitengeneza barabara, lakini angalau waligombana. Sasa meneja wa TARURA wa wilaya anawajibika kwa mtendaji mkuu wake Dodoma. Anaweza kualikwa kwenye baraza, akasikiliza, akaandika kwenye daftari. Mwenyekiti wa mtaa akiulizwa anasema barabara si yake. Diwani akiulizwa anasema hivyohivyo, na kwa bahati mbaya wote wawili wanasema kweli. Madiwani katika halmashauri nyingi wamelilalamikia jambo hili, wengine wakitaka barabara zirudi kwao. Zikirudi, shimo litazipokea.

Wakenya wasijione wamesahaulika. Sheria yao ya Barabara ya mwaka 2007 ilizaa mamlaka tatu kwa mpigo: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa miji na KeRRA kwa vijijini, huku barabara za ndani ya mbuga zikiwa mikononi mwa Shirika la Wanyamapori, KWS, kiasi kwamba kuna mashimo Kenya ambayo mlezi wake ni jirani wa ndovu. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47 na kuzikabidhi barabara za kaunti. Tangu hapo serikali kuu na magavana wamevutana kuhusu barabara ipi ni ya nani na nani apate ushuru wa matengenezo unaokatwa kwenye mafuta, na mvutano huo umefika hadi mahakamani. Nairobi ilikwenda mbali zaidi: Februari 2020 kaunti ilikabidhi baadhi ya majukumu yake, uchukuzi ukiwamo, kwa serikali kuu, ikaundwa taasisi ya kuyaendesha, NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, na mwaka 2022 majukumu yakarudi kaunti. Shimo la Nairobi limetumikia raia, wanajeshi na raia tena, bila kuhitaji mafunzo.

Kuhusu usimamizi wa magari barabarani, hapa ndipo kipaji chake kinapong'aa. Dar es Salaam haina mkono mmoja unaosimamia mwendo wa magari. Askari wa usalama barabarani wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Leseni za njia za daladala ni za LATRA. Mabasi ya mwendokasi yana wakala wake, DART. Taa na alama ni za mwenye barabara, yaani inategemea umesimama wapi. Kila mmoja ana kanuni, na dereva wa daladala anazo za kwake. Yeye hutanua, huchomeka, na hushusha abiria katikati ya njia panda huku konda akigonga bodi. Trafiki mwenye tochi atamkamata akizidisha mwendo na kumwandikia shilingi 30,000, na dereva huyohuyo atakanyaga mafuta mita mia mbili mbele kufidia muda aliopoteza. Lakini likitokea shimo pana lililojaa maji, daladala, prado ya bosi, tipa na mkokoteni vyote hujipanga na kupita kimojakimoja, kwa adabu ambayo mafunzo ya Wiki ya Nenda kwa Usalama hayajawahi kuifikia. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973 na ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi unajulikana na kila mwenye leseni. Shimo limeshusha ukomo huo hadi kumi, na linautekeleza mchana na usiku.

Halidai rushwa, ingawa faini yake si ndogo. Hukusanywa gereji, kwa mafungu: leo shokapu, mwezi ujao boljointi, mwaka ujao bushi zote za mbele. Mapato hayo hayapiti hazina yoyote. Yanaenda moja kwa moja kwa fundi aliyelala chini ya gari, kwa muuza vipuri, na kwa kijana anayeziba pancha kando ya barabara na beseni lake la maji machafu. Muuza karanga na muuza maji ya kunywa wanajua sehemu ambayo magari hupunguza mwendo, na hawakuijua kwa kusoma mpango mji. Kuna pia vijana wenye sepeto wanaofukia shimo kwa kifusi na matofali mabovu, kisha wakasimama na mkono ulionyooshwa kusubiri shukrani za madereva. Mvua ikishuka, kifusi kinaondoka na vijana wanarudi. Katika matengenezo yote ya barabara, hayo ndiyo yenye uhakika wa kujirudia bila zabuni.

Wakati mwingine shimo hupandishwa cheo. Kuziba kiraka kwa taratibu za kihandisi ni kazi ya kupendeza: lami iliyooza hukatwa kwa mashine hadi kingo zinyooke, shimo linakuwa mraba, linasafishwa, linakaushwa, linapakwa lami ya majimaji ili kiraka kishike, kisha linajazwa na kushindiliwa. Kila hatua ina sababu, na kiraka kilichofuata hatua zote huweza kudumu miaka. Shida ni kwamba hatua ya kwanza ni rahisi na zinazofuata zinahitaji lami, na lami inahitaji malipo. Hivyo hutokea mkandarasi akakata miraba yote ya barabara kwa siku mbili, akaondoka na mashine, na asionekane tena kwa wiki kadhaa. Barabara iliyokuwa na mashimo ya hovyo sasa ina mashimo yaliyopigwa rula. Yale ya zamani yalikuwa na mteremko wa huruma. Haya yana kona kali na ukuta wima, na tairi linaingia kwa kishindo. Madereva wanaolalamika hawatambui kwamba wameletewa bidhaa ya kitaalamu.

Hapa sifa zinakwama kidogo. Mwendesha bodaboda anayerudi usiku chini ya mvua haoni mraba wala duara. Anaona maji yanayong'aa kama sehemu nyingine yoyote ya barabara. Mama mjamzito aliyepakiwa kwenye bajaji kwenda zahanati hapati nafasi ya kufurahia elimu ya mipaka ya taasisi. Na hao ndio wanaokaa kwenye barabara za ile asilimia 30 ya Mfuko.

Shimo lina maadui wachache wa kweli, na ajabu ni kwamba wengi wao ni wadogo. Mkoani Kigoma, mradi uliosaidiwa na Ubelgiji ulianza kujenga madaraja ya upinde kwa mawe ya hapohapo, bila nondo, kwa mafundi na vibarua wa vijiji vya jirani, na TARURA ikauchukua ujuzi huo na kuupeleka mikoa mingine kwa sababu gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na daraja la zege. Wakala pia umekuwa ukivipa vikundi vya kijamii kazi za kufyeka kingo za barabara na kuzibua mitaro. Mtu anayelipwa kuzibua mtaro ulio mbele ya nyumba yake ni hatari kwa shimo kuliko waraka wowote wa kuhamisha majukumu. Anajua maji yanatoka wapi, na anajua nani ametupa taka.

Kwa bahati nzuri, rafiki mkubwa kuliko wote bado hajaguswa na mageuzi yoyote, naye ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, jua likiwa limewaka na barabara zimekauka. Ndipo zabuni hutangazwa, zikafunguliwa, zikatathminiwa, rufaa zikasikilizwa na mikataba ikasainiwa mbele ya kamera. Mkandarasi akishapeleka dhamana yake na kuanza kutafuta greda la kukodi, ni Oktoba na vuli imeshagonga mlango. Januari na Februari pana ukavu wa kutosha kufanya kazi, ikiwa malipo ya awali yametoka. Machi masika yanaingia na mkandarasi anaomba kuongezewa muda kwa sababu ya mvua ambazo hunyesha kila Machi. Juni hesabu zinafungwa, na wataalamu wanakwenda kulipima shimo upya, kwa kuwa sasa ni pana zaidi, na kuliingiza kwenye mpango wa mwaka unaofuata chini ya kifungu cha matengenezo ya sehemu korofi.